Klara na Mashine ya Ukungu

Siku Alen alipofungua lile boksi sebuleni kwa mama yake, kila aliyekuwepo alicheka. Mashine yenyewe ilikuwa nyeupe, umbo la yai, na juu ilikuwa na kidomo kidogo. Alen aliijaza maji, akachomeka waya ukutani, na punde ukungu mwembamba ukaanza kutoka kwenye kidomo na kutambaa juu ya vitambaa vya makochi.

"Mwanangu," alisema shangazi yake, Dorkasi, huku akijifuta machozi ya kicheko, "umebeba ukungu kutoka Dar es Salaam kutuletea sisi wa Kwai? Si ungefungua tu huo mlango! Umejaa tele huko nje, tena wa bure."

Klara, mama yake Alen, naye alicheka, na kama kawaida yake, kicheko kikafuatiwa na kikohozi. Aliinuka akaenda kukoholea uani, mkono mdomoni, ili wageni wasimsikie. Alen alimtazama akitoka. Kikohozi hicho ndicho kilichomfanya ainunue ile mashine.

Klara alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye ng'ombe wa maziwa na shamba la kabichi na karoti kwenye mteremko. Ujanani alichuma chai kule Mponde, na huko ndiko alikoupata ugonjwa wa kifua kikuu. Alimeza dawa zote, akapona. Ila ugonjwa ulipoondoka ulimwachia makovu. Mirija ya hewa upande wa kushoto ilitanuka na kulegea, ikawa kama vifuko vya kutunza makohozi. Daktari wa enzi hizo alimwambia ataishi na hali hiyo maisha yake yote. Basi akaishi nayo. Aliolewa, akazaa, akamzika mume, akamalizia nyumba ya matofali ambayo marehemu aliiacha kwenye lenta, juu ya madirisha, akaimba sauti ya pili kwaya ya usharika. Kila kipupwe alikohoa, na kila kipupwe kilipita.

Shida yake kubwa ilikuwa kipindi hicho cha baridi, Juni na Julai, ambapo watu hufunga madirisha na kukaa karibu na jiko la mkaa. Hewa ya ndani ilikauka, na makohozi yakawa mazito kama ulimbo, hayatoki hata akikohoa mpaka mbavu zimuume. Alen alipomweleza muuza duka mmoja wa mjini habari za mama yake, muuzaji akamwambia dawa ni hewa yenye unyevu. Hakumdanganya. Ila hakumweleza yote, na Alen hakujua la kuuliza.

Na kweli, mwanzoni mashine ilimsaidia. Klara aliiweka kwenye stuli karibu na mto wake, ikampulizia usiku kucha. Asubuhi koo lilikuwa laini, makohozi yakatoka bila vita. Aliisifia mashine kwa wanawake wenzake kwenye kituo cha maziwa, akawaambia mtoto wa kiume naye ni mtoto, si lazima uzae binti ndipo ukumbukwe.

Maji aliyachota kwenye simtanki lililokinga mvua ya paa. Yakipungua aliongeza. Hakumwaga yaliyobaki, maana kumwaga maji ambayo mtu ameyabeba mwenyewe ni uharibifu. Hakuiosha pia. Nani huosha chombo kwa sababu tu kimekaa na maji? Wakati mwingine alidondoshea mafuta ya mkaratusi ili chumba kinukie vizuri.

Kipupwe kikapita, na safari hii kikohozi hakikupita nacho.

Kwanza alichoka. Alikamua ng'ombe wa kwanza, akakaa kwenye kigoda kupumzika kabla ya kumkamua wa pili. Kisha ikaja homa ya jioni, jasho la kulowanisha shuka, na kitenge ambacho zamani kilimzunguka mara moja sasa kikawa kinamzunguka mara mbili na kubaki. Asubuhi moja aliona uzi wa damu kwenye kohozi. Alifunika kile kitambaa haraka, kama mtu aliyeona kitu cha aibu, ingawa alikuwa peke yake.

Zahanati walichukua makohozi, wakayatazama kwenye darubini. Mhudumu alimwita ndani, akafunga mlango.

"Mama, vijidudu vinaonekana. Inaelekea TB imerudi."

"TB naijua," Klara alisema. "Nililala nayo kitanda kimoja. Ile ilikuja kwa namna yake, hii imekuja kwa namna nyingine."

"Mama, darubini haidanganyi."

"Sijasema inadanganya. Nasema nipe rufaa niende hospitali ya wilaya, wakatazame kwa jicho jingine. Wakisema ni yenyewe, dawa nitameza mpaka mwisho kama nilivyomeza zamani."

Mhudumu alikuwa mtu mwelewa. Alimwandikia rufaa, akampa miadi. Lakini habari za Kwai hazisubiri miadi. Klara alipofika nyumbani, Dorkasi alikuwa amekwisha kusikia. Alikuja na sahani ya ugali na mboga, akaiweka kizingitini, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Kula wifi," alisema kwa mbali. "Sahani baki nayo tu. Usiirudishe."

Klara aliitazama ile sahani. Kwa miaka yote tangu aolewe kwenye ukoo ule, yeye na Dorkasi walikuwa wakila chombo kimoja. Aliiokota, akaingia ndani, akala chakula chote, maana njaa haina kosa. Kisha akaiosha, akaipeleka kwa Dorkasi mwenyewe na kumwekea mezani.

"Chombo chako hiki," alisema. "Mimi si maskini wa sahani."

Jumapili kwenye kwaya alikuta nafasi yake imekaliwa. Mwalimu wa kwaya alimwonyesha benchi la nyuma kwa kidevu, pale dirishani. Aliketi. Wimbo ulipoanza aliimba sauti ya pili kutoka huko nyuma, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka watu wa mbele wakageuka.

Kilichomuuma kuliko vyote ni kituo cha maziwa. Asubuhi ya Jumatatu alipanga foleni na keni yake kama siku zote. Mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, Fanueli, alikuwa ndiye anayepima na kupokea. Walikua pamoja, walichunga pamoja. Fanueli alimpita, akapokea ya mtu wa nyuma yake.

"Mgoshi, mimi hunioni?" Klara aliuliza, akimwita kwa Kishambaa kama mwanamume huitwa huko.

Fanueli alisogea pembeni, akazungumza kwa sauti ya chini. "Mama Alen, watu wanaogopa. Wanunuzi wakisikia, kikundi kizima kitakwama. Kaa nyumbani kwanza. Maziwa mpe Dorkasi awe anayaleta, tutayaandika kwa jina lake."

"Jina lake?"

"Kwa muda tu."

"Nyasi nakata mimi. Kinyesi nazoa mimi. Ng'ombe akizaa usiku ninakesha mimi. Halafu jina liwe la Dorkasi?"

"Nimekwambia ni kwa muda."

"Na mkutano wa kikundi ukiitwa, ataingia nani? Mimi au Dorkasi?"

Fanueli aligeukia keni iliyofuata. Klara aliinua keni yake akarudi nayo nyumbani, na njia nzima hakumsalimu mtu. Maziwa yale aliyachemsha, mengine akayagandisha. Kesho yake alibeba sufuria, akaketi kando ya barabara pale malori ya mbao yanapopungua mwendo, akauza maziwa mgando. Watu wa Kwai walipita wakitazama ng'ambo. Walionunua ni vibarua wa msituni, watu waliotoka mikoa mingine, ambao hawakujua habari zake. Mmoja wao, Msukuma aliyeitwa Dotto, aliambiwa na mpita njia palepale akiwa na kikombe mkononi.

"Huyo mama ana TB, shauri yako."

Dotto alimtazama Klara. "Kweli, mama?"

"Sijui bado. Wanapima. Maziwa nimechemsha mpaka yakapanda mara mbili."

Dotto akamaliza kikombe. "Mimi nimemeza vumbi la mbao tangu nije huku. Nitauawa na maziwa yaliyochemka?" Akaongezewa, akanywa tena.

Hospitalini Klara alipokelewa na daktari kijana aliyeitwa Ilham, mtu wa Tanga mjini, ambaye alivaa sweta mbili chini ya koti jeupe kwa sababu ya baridi ya Lushoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kubisha."

Daktari akacheka. "Kubisha nini?"

Klara alimweleza yote. Daktari Ilham hakumkatiza, wala hakumpa moyo wa bure. "Huenda umepatia, huenda umekosea," alisema. "Darubini inaonyesha umbo la kijidudu tu. Ipo mashine nyingine inayosoma asili yake. Tupime."

Walipima, wakarudia na kohozi la siku nyingine. Majibu yote mawili yalisema haikuwa TB. Klara alifumba macho akashukuru Mungu, kisha akayafumbua.

"Sasa naumwa nini?"

"Ndilo nataka kujua. Kuna jamii nyingine ya vijidudu, ndugu wa TB, kwenye darubini wanafanana. Ila hawa hawakai kwa watu. Wanakaa kwenye maji na udongo. Mtu mwenye mapafu mazima huwavuta na hawamfanyi kitu. Mwenye makovu kama wewe, wanapata pa kujificha. Nieleze maisha yako. Unalima?"

"Nalima."

"Unajifukiza nyungu?"

"Zamani. Siku hizi sina haja, nina mashine." Klara alijinyoosha kidogo kwenye kiti. "Mwanangu ameninunulia mashine ya kutoa ukungu. Inanipulizia usiku kucha."

Daktari aliweka kalamu chini. "Unaiwekea maji gani?"

"Ya tanki."

"Unayachemsha?"

"Ya kuvuta puani nayachemsha ya nini?"

"Unaiosha?"

"Humo hamna kitu ila maji," Klara alisema.

"Mama, siku ya kurudi, naomba uje nayo."

Alikuja nayo imefungwa kwenye kanga. Daktari Ilham alivaa glavu, akatenganisha sehemu ya juu na ya chini, jambo ambalo Klara hakujua kuwa linawezekana. Ndani, kuzunguka ukuta wote wa chombo, kulikuwa na utando wa rangi ya waridi. Daktari aliupitishia kidole, kikateleza kama juu ya jiwe la mtoni.

Klara alisukuma kiti nyuma. "Hiyo ndiyo nilikuwa navuta?"

"Sikiliza nikueleze. Sufuria linapochemka, unaopanda ni mvuke mtupu, uchafu unabaki chini na vijidudu vinakufa. Mashine hii haichemshi. Inayatikisa maji mpaka yanapasuka kuwa chembe ndogo sana, inazirusha hewani na kila kilichokuwamo. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha kufika mpaka chini kabisa ya mapafu."

"Kwa hiyo mwanangu ndiye aliyenipa ugonjwa."

"Hapana. Na wala siwezi kukuapia kuwa ni mashine hii. Vijidudu hivi viko hata kwenye bomba na kwenye udongo unaolima. Ila mashine ilikaa karibu na mto wako, haijaoshwa, na mapafu yako ndiyo hayo. Ningekuwa wewe, isingerudi chumbani kwangu."

"Nikichemsha maji je?"

"Mtu mwingine anayeihitaji, namwambia hivi: atumie maji yaliyochemka kweli na kupoa. Amwage kila siku, asiongeze juu ya mabaki. Aisugue, aiache ikauke kabisa kabla ya kuijaza tena. Asitie mafuta humo. Asifukize chumba mpaka kuta zitoe jasho. Akifanya hayo, hatari inapungua. Haiishi. Kwako wewe, mama, iliyobaki bado ni kubwa mno."

Klara aliifunga mashine tena kwenye kanga. Kisha akauliza lile alilokuwa amelibeba moyoni tangu siku ya sahani. "Naambukiza watu?"

"Vijidudu vya jamii hii havitoki kwa mtu kwenda kwa mtu kama TB. Wanaokaa nawe, wanaokula nawe, wanaoimba nawe, hawana la kuogopa."

"Rudia, daktari."

Daktari akarudia.

"Nikuandikie barua uwaonyeshe?"

"Usiandike," Klara alisema. "Mimi si mwanafunzi aliyechelewa shule. Nitasema kwa kinywa changu."

Daktari alimwomba asubiri kwanza. Makohozi yalikuwa yapelekwe maabara kubwa kuoteshwa ili wajue ni kijidudu gani hasa, na hilo lingechukua wiki kadhaa. Kabla hajamruhusu alimuuliza swali la mwisho. "Unakohoaje?"

"Najizuia. Watu wananitazama."

"Acha kujizuia. Hayo makohozi ukiyafungia ndani unavifuga vijidudu. Funika mdomo, lakini toa." Akamfundisha kukaa wima, kuvuta pumzi ndefu, kuishikilia, kisha kuisukuma kwa nguvu mdomo wazi kama mtu anayetia mvuke kwenye kioo. Akamwambia anywe maji ya uvuguvugu mara kwa mara, na homa ikipungua apande mlima kila asubuhi, taratibu, mpaka kifua kifunguke.

Alen alipata habari kwa simu. Mwisho wa wiki alipanda basi akaja. Alikuta mashine juu ya meza ya sebuleni, imetenganishwa, na Dorkasi amesimama mlangoni akiitazama kama nyoka.

"Ichomeni," Dorkasi alisema. "Kitu kinachotoa moshi bila moto kina jini. Mimi nilisema tangu siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ulicheka," Klara alimkumbusha. "Hamna jini hapa, wifi. Ni maji yaliyolala. Hata kwenye ndoo yako yakilala yataota utelezi."

Alen aliketi, mikono katikati ya magoti. "Kwa hiyo ni mimi."

"Sikusema hivyo."

"Nimesoma njiani kote, Mama. Tatizo ni matumizi, si mashine. Maji yachemshwe, chombo kioshwe na kukaushwa kila siku. Nitakununulia na birika la umeme. Tukifuata masharti itakufaa tena, kipupwe kijacho utalala vizuri."

"Sitaitumia."

"Mama, wewe mwenyewe ulisema ilikusaidia!"

"Ilinisaidia, na nikaumwa. Yote mawili ni kweli. Daktari kasema kwa mtu mwingine sawa, kwa mapafu yangu hapana."

"Basi twende wote Dar. Kule hakuna baridi."

"Na ng'ombe?"

"Uza."

Klara aliinuka. Hakupandisha sauti, lakini Dorkasi pale mlangoni alirudi nyuma. "Alen. Fanueli anataka jina langu. Kwaya wamechukua nafasi yangu. Sasa wewe unataka nyumba yangu na ng'ombe wangu, tena wewe unavitaka kwa kunipenda. Upendo wako nimeupokea, mwanangu. Mashine siipokei, na Dar siendi. Mapafu ni yangu, yameharibika yakiwa kwangu na yatatibiwa yakiwa kwangu."

Alen alitoka nje akasimama kwenye ua wa mabingobingo, zile nyasi ndefu za kulisha ng'ombe, mgongo kwa nyumba. Klara alimwacha kidogo, kisha akamfuata na nyundo.

"Dirisha la chumbani kwangu halifunguki tangu baba yako afe," alisema. "Na jiko la mkaa nataka lihamie jikoni kabisa. Kama umekuja kunisaidia pumzi, anzia hapo."

Alen aliipokea nyundo. Alilifungua dirisha, akairanda mbao yake iliyovimba, akalirudisha likiwa jepesi. Alipomaliza aliichukua ile mashine, akaimwagia maji ya moto, akaisugua, akaianika juani. "Nitaondoka nayo," alisema.

"Uitumie huko Dar? Kwenye joto lile la kutoka jasho umekaa?"

Alen alijaribu kubaki amekasirika, akashindwa.

Majibu ya maabara yalikuja mvua za vuli zilipoanza. Ilikuwa kama daktari alivyohisi: ndugu wa TB, wa majini. Dawa zilikuwa za aina tatu kwa pamoja, na zingemezwa zaidi ya mwaka mzima. Klara alianza siku hiyohiyo. Asubuhi iliyofuata alikamua, akajaza keni, akashuka kituoni.

Foleni ilikuwa ndefu. Akasimama ndani yake. Aliyekuwa mbele alisogea mbele zaidi, aliyekuwa nyuma alibaki nyuma, na katikati akabaki Klara na keni yake kama mti kwenye uwanja. Zamu yake ilipofika aliiweka keni mezani, chini ya pua ya Fanueli.

"Mama Alen, tulishaongea."

"Uliongea wewe. Leo naongea mimi." Aligeuka ili wote wamsikie. "Mlisikia nina TB. Nimepimwa, nikarudiwa kupimwa, sina. Nina ugonjwa unaotoka kwenye maji, umeingia kwenye makovu ya zamani. Niliuvuta mwenyewe kwenye mashine niliyokuwa sioshi. Hauhami kutoka kwangu kwenda kwa mtu. Nime..."

Kikohozi kikamshika. Zamani angekimbia nyuma ya jengo. Safari hii aliweka kitambaa mdomoni, akageuzia uso pembeni, akakohoa pale pale, mbele ya watu wote, kwa raha zake, kikohozi kirefu cha kutoka chini kabisa, mpaka kikaisha. Klara alikunja kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa sweta.

"Nimesema hauhami," aliendelea. "Na hata ningekuwa na TB, mtu mwenye TB anatibiwa, hanyang'anywi jina. Mgoshi, nionyeshe kanuni ya kikundi inayosema anayekohoa si mwanachama."

"Si kanuni. Ni hofu ya watu."

"Basi pima maziwa. Hofu wapimie baadaye."

Fanueli alitazama foleni kutafuta msaada. Wanawake wawili walimpita Klara, wakaweka keni zao pembeni ya yake bila kumtazama, na Fanueli akazipokea haraka. Klara hakusogea. Wengine nao wakapita. Hakusogea. Gari la maziwa likaja, likapiga honi, dereva akashuka akauliza kuna nini, mbona leo wamechelewa, na bado yule mama alikuwa amesimama mezani, viganja vyake viwili juu ya mfuniko.

"Mpokelee basi, Fanueli," alisema mwanamke mmoja kutoka nyuma, kwa sauti ya kuchoka zaidi ya huruma. "Tuna mashamba yanatungoja."

Fanueli alivuta keni. Aliingiza kipimo chake, akakisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akiomba pengine apate kosa. Hakulipata. Basi akainua keni, uso umekunjamana, akayamimina maziwa ya Klara kwenye pipa la pamoja. Klara aliyatazama yakiingia mpaka tone la mwisho. Maziwa yakishachanganyika hakuna awezaye kuyachambua, haya ya nani na yale ya nani.

"Sema jina," alimwambia.

"Unalijua jina lako."

"Nataka kukusikia."

"Klara," Fanueli alisema.

Hakuomba msamaha siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Klara hakumdai. Jumapili aliingia kanisani mapema, akakaa kwenye nafasi yake ya zamani kabla mwingine hajafika. Aliyekuwa ameichukua alipokuja alisimama kidogo, kisha akasogea.

Mwaka wa dawa haukuwa mwepesi. Mkojo wake ulikuwa rangi ya chungwa, chakula kilimkinai, na kila mara alishuka Lushoto kupimwa macho kwa sababu mojawapo ya zile dawa huweza kuyadhuru. Kuna asubuhi alizoviweka vidonge kiganjani akavitukana kwa Kishambaa ndipo akavimeza. Lakini damu ilikoma. Kisha homa. Kisha kitenge kikaanza kupungua kiunoni. Dorkasi alikuja alasiri moja, akavua viatu, akaingia mpaka ndani, akamimina chai mwenyewe kwenye kikombe cha kwanza alichokiona na kunywa. Hawakulizungumza lile la sahani. Waliongea kuhusu bei ya karoti.

Daktari Ilham alimwambia makovu hayatatoka. Kikohozi kitakuwepo, na vijidudu vinaweza kurudi siku moja, asilale. Klara akamjibu kuwa yeye kulala hajawahi kujua.

Kila asubuhi akimaliza kukamua hupanda kilima kilicho nyuma ya nyumba, fimbo mkononi, akisimama palipo na mwinuko mkali kuvuta pumzi. Akifika juu huketi kwenye jiwe, huvuta pumzi ndefu, huishikilia, kisha hukohoa kwa nguvu zake zote, na mlima wa pili humrudishia mwangwi. Wageni hushtuka. Wenyeji walioko bondeni, vichwa vimeegemea ubavu wa ng'ombe, mikono ikikamua, wala hawainui macho.

"Klara kashafika juu," huambiana, na kuendelea na kazi.